Jipi la Mama Mkwe Kwenye Mchanga wa Nyangwe

Jumatatu, 9 Septemba

Ushindi! Mama mkwe amekubali. Jipi la marehemu baba mkwe, lililolala chini ya turubai tangu matanga, litatoka. Tutakwenda Nyangwe, tutapiga hema kwenye mchanga wa mto Lualaba, tutalala huko. Jipi likirudi Kasongo zima, nitapewa ufunguo niwe msimamizi wake. Nitaleta wageni kutoka Kindu na Bukavu, watu wa ofisi waliochoshwa na kuta nne. Watalala mchangani, watatazama maji, watanishukuru. Likirudi na kasoro, litakodishwa kwa Iliasi, rais wa chama cha wapikipiki, anayetaka kubebea mchele kutoka Wamaza.

Mchele! Ndani ya gari lile!

Mama Marguerite aliyasema hayo kupitia mke wangu Pascaline, kama inavyotakiwa. Tangu nimwoe binti yake sijasema naye uso kwa uso hata mara moja. Yeye huelekea ukutani, mimi huelekea mlangoni, Pascaline hukaa katikati na kubeba maneno. Heshima tupu.

Jioni Iliasi amekuja kunipongeza. Ameleta papai. Kwa nini papai? Sikuligusa. Pascaline amelila lote na bado yuko mzima, lakini sumu nyingine hazina haraka.

Jumanne, 10 Septemba

Nimepeleka jipi sokoni kujazwa upepo. Mwenye kompresa alitaka kuacha mapema. Nikamwambia aongeze. Akasema tairi litapasuka. Nikamuuliza ametumwa na nani. Akaongeza.

Hoja yangu ni nyepesi. Mpira mgumu huruka, mpira laini hukaa chini. Mtoto yeyote wa uwanjani anajua. Nimesoma vita vya jangwani, nimesoma habari za misafara, nimesoma fizikia hadi ukurasa wa mwisho. Sijaona popote mtu aliyeshinda kwa kulegea. Nimelipiga tairi ngumi ili kuhakikisha. Ngumi imevimba. Safi kabisa.

Pascaline amekuja na ujumbe: Mama anauliza mbona gari sasa linarukaruka kama mbuzi. Nimejibu kwamba hiyo ndiyo afya.

Alhamisi, 12 Septemba

Nyangwe! Nimefika na maadui zangu wote.

Mama alikaa mbele, upande wa dirisha, mwavuli mkononi na mkoba magotini. Pascaline katikati, kati yangu na mama yake, akipokea mashimo ya barabara kwa niaba ya familia. Nyuma yetu, vumbi lote likimwingia mdomoni, alikuja Iliasi na pikipiki yake. Hakualikwa. Amesema anakuja kama shahidi. Shahidi wa nini, kama hakuna jinai iliyopangwa?

Tulipofika ukingoni nilikwenda kumsalimu chifu. Kurudi, nini? Matairi yote manne yamelegea! Yote kwa kiasi kimoja, kazi ya mtu mtulivu. Chini, nyayo za ndala. Ndogo. Za kike. Nikaelewa mara moja: Iliasi amevaa ndala za mwanamke. Mtu mwenye mpango hachagui kiatu. Nikachukua kijiti nipime mguu wake kwa siri, naye akaniona.

“Prof,” kama anavyoniita kwa kejeli, akapaza sauti ili wavuvi waliokuwa ukingoni wasikie, “unataka kunishonea viatu?”

Pascaline akaleta neno: Mama anasema matairi yako sawa hivyo, yaachwe. Maskini Mama, wamekwisha kumdanganya! Nikatoa pampu ya mguu. Nilijaza hadi shati likanigandia mgongoni, hadi yakawa mawe tena. Kisha nikaingia mchangani.

Jipi lilizama kabla mkia wake haujaacha majani. Nikakanyaga mafuta. Likazama zaidi. Nikakanyaga kwa hasira. Mchanga ukaruka hadi kwa Iliasi, naye akauliza kama natafuta maji ya kisima.

Ikabidi tupunguze uzito. Hema likashushwa, masufuria, gunia la unga, Pascaline. Mama hakushuka. Sasa hapo mkwe afanye nini? Hakuna lugha duniani ambayo kwayo mkwe humwambia mama mkwe kwamba ni mzito. Nikatazama juu, nikamweleza Pascaline kwa ujumla habari za uzito wa vitu katika dunia hii. Jibu likarudi: Mama atashuka dereva akiondoa mguu kwenye mafuta.

Dereva! Mimi!

Niliondoa mguu. Akashuka. Wavuvi wakatandika mikeka yao ya kuanikia samaki chini ya matairi, wakasukuma kwa wimbo, tukapita. Mkubwa wao, Asani, ambaye hukaa hapa na watu wake kila kiangazi, aliuliza tunakimbia nini. Nikamfafanulia: kuna watu huacha nyumba zao kwa hiari, wakalala nje, kwa furaha. Alinihurumia sana. Halafu akamgeukia Pascaline, akamuuliza kwa upole kama nyumba iliungua.

Ijumaa, 13 Septemba

Leo Asani amejionyesha. Amekuja asubuhi na samaki wawili, eti zawadi (papai la pili hilo!), akasema tusiweke gari karibu na maji. “Muzee, mvua imeanza kule juu. Maji iko inarudi.” Akanionyesha kwa kidole mahali pa juu, karibu na matete, panapofaa kuegesha.

Kwa nini yeye anayajua makusudi ya mto? Kwa sababu anapataka mahali petu, penye mandhari! Nikafanya kinyume chake, kama inavyotakiwa na akili. Pembeni ya maji mchanga umelowa na kushikana kama saruji. Nimelisimamisha jipi hapo, pua ikielekea mtoni, ili wageni wangu wa siku zijazo wawe na kitu cha kutazama kupitia kioo.

Mchana nimemkuta Iliasi akicheka na Mama. Alipoulizwa na Pascaline wanachocheka, Iliasi alisema ni habari za mchele. Mchele hauchekeshi.

Jioni Mama na Pascaline wamehamisha hema hadi kwenye matete kwa mikono yao wenyewe. Nimesalitiwa. Nitalala ndani ya jipi nililinde.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeamka kulipopambazuka, miguu ikiwa ndani ya maji.

Mto umeingia garini! Nje ulikuwa umefika kwenye milango, na mchanga ule wa saruji ulikuwa umegeuka uji. Nikawasha. Likaunguruma, magurudumu ya nyuma yakachimba, maji yakapanda hadi kwenye kiti. Nikapiga kelele kwamba Iliasi amefungulia mto. Watu wote wakaja mbio, Iliasi mbele, suruali imekunjwa magotini.

Hapo likatokea jambo lisilowahi kutokea. Mama mkwe alisimama mbele ya dirisha langu. Akanitazama. Machoni!

“Déo,” akasema. “Shuka. Gari ya bwana yangu haitakufia mu mikono yako.”

Nilishuka. Miguu ilitii kabla mimi sijaamua. Pascaline alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Hata Asani alitazama pembeni kwa aibu.

Mama akapandisha kitenge, akaingia majini, akainama kwenye tairi, akabonyeza valvu kwa kijiti cha kiberiti. Povu likabubujika kutoka chini. Tairi la kwanza, la pili, yote. Nikatazama ndala zake alizoziacha ukingoni. Ndogo. Za kike. Ni zile zile!

Kisha akashika usukani. Wavuvi walikuwa wamechimba nyuma ya magurudumu na kukanyagia mikeka. Hakuungurumisha injini, hakupinda kushoto wala kulia. Alirudi nyuma polepole, moja kwa moja, Iliasi akisukuma kwa bega, na jipi likatoka majini likichuruzika.

Akanieleza, bado uso kwa uso, kwamba marehemu alibeba samaki hapa maisha yake yote. Kwenye mchanga unapunguza upepo ili tairi litandike, kwenye barabara unaujaza tena. Unaegesha juu, mbali na maji. Ukizama unaacha kukanyaga, unachimba. Kisha akageuka, akaelekea mto, na hajasema nami tena.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Hitimisho moja tu linasimama: Iliasi amemnunua hata mama mkwe.

Jumatatu, 16 Septemba

Hukumu. Nilikaa nikielekea mlango, Mama akaelekea ukuta. Ufunguo umepewa Pascaline.

Pascaline! Ambaye eti marehemu alimfundisha kuendesha kabla sijamwoa, na hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kuuliza. Keshokutwa anakwenda Wamaza kuchukua mchele wa Iliasi. Mama ameongeza neno kuhusu mimi: mkwe ni mtu mwema, hasa akienda kwa miguu.

Maadui wametimia watatu sasa. Nawahesabu usiku kucha badala ya kulala.

Jumatano, 18 Septemba

Pascaline ameondoka alfajiri akipiga honi kwa furaha isiyo ya lazima. Mimi sikukaa kulia. Nimekwenda redioni kwa hiari yangu, nikawaomba nafasi, nikawahutubia madereva wote wa Kasongo na Kabambare juu ya usalama mchangani. Kanuni: jaza upepo hadi ngumi iume. Ukizama, kanyaga kwa moyo. Egesha kwenye mchanga uliolowa, mgumu. Fundi wa mitambo alinikata kwa muziki nilipofika kanuni ya nne. Jina lake nimelichukua.

Jumapili, 22 Septemba

Habari nzito kutoka Nyangwe. Magari matatu yamezama mchangani tangu Ijumaa, moja lingali majini. Wenye magari wamekuja kugonga mlango wangu, nami nimewasikiliza kupitia dirisha. Wanasema walinisikia redioni na wakafuata kanuni zangu zote bila kuacha hata moja.

Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Madereva watatu, kanuni zote, na bado wamezama. Iliasi amewafikia wote watatu.