Nyumba ya Mzee Maduhu na Bati Zake Kumi na Nane

Jumatatu, 18 Oktoba 1954

Paskalia ametimiza miezi sita. Alizaliwa siku ya Pasaka yenyewe, padri akasema jina limejileta. Zawadi yake leo: jino. Zawadi yangu: siku ya tatu bila usingizi. Nimetia chumvi kwenye uji wake na sukari kwenye maharage yangu. Tumekula hivyo hivyo.

Saa nne Mama Ghati mwenye nyumba alipiga hodi akiwa ameshaingia. Akasema kijana wake anaoa, chumba anakitaka Jumamosi ya tarehe thelathini. Nikamwambia mama, siku kumi na mbili tu, nami nina mtoto mchanga! Akasema hata yeye alikuwa na mtoto mchanga, ndiye huyo anayeoa.

Nimezunguka mtaa wote wa Ngokolo, mtoto mgongoni. Vyumba hakuna. Tangu almasi ya Mwadui ianze kulipa watu mishahara, kila mwenye suruali anataka kupanga hapa. Chumba cha shilingi nane sasa ni kumi na tano, na mlango utafute mwenyewe.

Nimeamua. Sipangi tena. Nanunua nyumba!

Fedha ipo. Theonest, baba Paskalia, yuko Mwadui anaosha changarawe, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Aliniachia shilingi mia nne kwenye kopo la maziwa, akasema hizi ni za nyumba, usiziguse mpaka nije. Nimeyafikiria sana maneno hayo. Nimeona nusu ya kwanza inajitosheleza.

Jumanne, 19 Oktoba

Nimekwenda kwa Selestine, dalali wa nyumba. Yeye mwenyewe anaishi kwa shemeji yake. Mashauri yake nimeyaandika nisiyasahau. Nyumba ikaguliwe wakati wa mvua. (Mara ya mwisho ilinyesha mwezi wa tano.) Usionyeshe kuipenda. Ukikuta panya, furahi, panya hakai mahali pabovu. Tafuta kasoro, kasoro ndiyo hushusha bei.

Nikarudi nikamsimulia Mama Ghati. Akasema ukikuta panya, kimbia. Mke wa fundi baiskeli akasema panya si kitu, tazama majirani. Majirani wa fundi baiskeli ni mimi na Mama Ghati. Sikumuuliza zaidi.

Sasa sijui. Panya niwatafute au niwakimbie?

Jioni Selestine alinipeleka kwa Mzee Maduhu. Mzee anahamia Geita na ng'ombe wake, anasema huko majani bado yapo. Nyumba yake! Vyumba viwili, kuta za tofali za udongo, choo nyuma. Paa la bati kumi na nane juu ya boriti za mninga zilizotoka Kahama. Mlango wa mninga pia, mzito kama padri. Kila mtu alikuwa akisifu zile boriti, mimi sikuelewa kwa nini. Kwetu Chato mti wa kujengea unaukata nyuma ya nyumba. Hapa miti yote ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, boriti moja inatafutwa kama mchumba.

Bei mia tano na ishirini. Nikakunja uso nisionyeshe kuipenda. Mbuke, mke wa Mzee, akadhani tumbo linaniuma, akaniletea maziwa ya mgando.

Panya sikuona. Nimeshindwa kujua kama hiyo ni habari njema.

Alhamisi, 21 Oktoba

Adui amejitokeza. Scolastika! Tunaimba naye kanisani, sauti ya pili, yeye huivuta ikawa ya kwanza. Nimemkuta kwa Mzee Maduhu na mwavuli wake, jua kali, anagonga kuta kwa vidole kama anayechagua tikiti. Ana nyumba yake tayari. Kweli imeezekwa madebe yaliyofuliwa, na masika huvuja mpaka kuku wanahama. Lakini si nyumba? Anataka mbili za nini?

Akambusu mtoto. Akasema jamani Mama Paskalia, umekonda, mtoto anakunywa mpaka mifupa! Nikacheka. Moyoni sikucheka.

Nimekaa na shauri la Selestine la kasoro. Lazima iwe kasoro isiyoonekana kwa macho. Nimeipata wakati nafua nepi. Mchwa!

Ijumaa, 22 Oktoba

Nimemkamata Scolastika kwenye bomba la maji. Nikamwambia dada, nakwambia wewe tu, usimwambie mtu: paa la Mzee Maduhu limeliwa na mchwa. Boriti ni maganda matupu. Na bati zimetoboka kwa kutu.

Akashika kifua. Akauliza mchwa wako kwenye paa tu, au na kwenye kuta?

Sikutaka kuzidisha uongo, nina mtoto aliyebatizwa nyumbani. Nikasema kwenye paa tu. Kuta salama kabisa.

Akasema pole, dada, kumbe una macho makali hivyo. Akajitwisha ndoo akaenda zake upesi. Ndoo haikujaa hata nusu! Amevunjika moyo, maskini.

Mama Ghati nimemwambia pia, kwa siri. Kwa hiyo kesho Ngokolo yote itajua.

Jumapili, 24 Oktoba

Padri amehubiri juu ya ulimi. Nikamtazama Scolastika nione kama yanamwingia.

Selestine anasema jana alimwona Scolastika kwa Mzee Maduhu, yuko juu ya ngazi anachoma boriti kwa kisu. Nilicheka mpaka Paskalia akaamka. Anatafuta mchwa wangu! Hatawapata, wako kichwani mwangu. Aliposhuka, anasema Selestine, alikuwa anatabasamu. Ni huzuni hiyo.

Baada ya chakula Mzee Maduhu amekuja mwenyewe na Mbuke. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha akasema mwanangu, nimesikia paa langu halikupendezi. Nilitaka kuzama ardhini. Lakini Selestine alisema kasoro usiirudishe ukishaitoa. Nikasema kwa upole na kwa uthabiti: baba, kusema kweli, halinipendezi.

Akasema yeye hamuuzii mtu kitu asichokipenda. Basi nyumba nimpe mia tatu na ishirini.

Mia tatu na ishirini! Kwa sababu ya mchwa wasiokuwapo! Kisha akaniuliza, uso mkavu kabisa, kama naridhika aondoke na paa lake. Mzee mcheshi huyu, sikujua. Nikamwona anasafiri kwenda Geita, ng'ombe mbele, paa kichwani kama kofia. Nikacheka, nikasema ondoka nalo, baba, na mlango ukipenda!

Akanishukuru kwa mikono miwili. Mbuke akasema wabeja, wabeja sana, asante kwa Kisukuma, na macho yake yalikuwa na machozi. Watu wa hapa wanapenda utani kupita kiasi.

Jumanne, 26 Oktoba

Nimenunua! Karani wa baraza ameandika hati mbele ya mashahidi wawili. Ilisema nimeuziwa kuta, kiwanja na choo. Uvivu wa makarani! Anataja choo, paa hataji. Nilitaka kumwambia aongeze, lakini alikuwa na haraka na Paskalia alikuwa ameshakula kona ya hati. Nikaweka sahihi yangu yote, jina na ubini, kwa mwandiko wa masista. Wengine waliweka dole gumba.

Selestine amechukua shilingi kumi zake, akasema katika wote aliowashauri mimi nimeshika vizuri kuliko wote. Nikamuuliza wako wangapi. Akasema mimi ni wa kwanza kununua.

Scolastika amekuja kunipongeza. Ameshindwa na bado anapongeza! Nimemhurumia. Nikamwambia Mungu atampa na yeye nyumba nzuri. Akasema ameshampa sehemu.

Sehemu gani? Labda mbinguni.

Alhamisi, 28 Oktoba

Nimepita kuitazama nyumba yangu. Nimemkuta Mzee Maduhu ameita vijana wa rika moja, wapo kama kumi, juu ya paa, wanaimba na kugonga. Moyo wangu ukayeyuka. Ameshauza, ameshalipwa, na bado anatengeneza paa lililosingiziwa! Nimejiona mbaya. Mbaya lakini mwenye bahati.

Nikaenda mbio nikawaletea togwa, mtungi mzima, na ndizi zilizokuwa za Theonest. Nikawaambia vijana wangu, fanyeni haraka, Jumamosi nahamia. Walifurahi sana. Mmoja akasema mama huyu ana roho, wengine hulia. Sikuelewa wangelia nini.

Mwingine alikuwa anang'oa mlango. Nikamwambia ukimaliza kuuranda, bawaba zipake mafuta. Akanitazama, akaitikia ndiyo mama.

Mtungi wameurudisha umeoshwa. Vijana wenye adabu.

Jumamosi, 30 Oktoba

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Mama Ghati alitutoa saa moja asubuhi, bibi harusi ameshasimama nje na sanduku. Mkokoteni umebeba kitanda, masufuria, sanduku la nguo, kinu. Nimekwenda mbele na mtoto mgongoni kama malkia. Kwa mbali nikaona kuta zangu. Nyeupe, nzuri. Kisha nikaona ndani ya kuta zangu kunang'aa sana.

Paa hakuna.

Mlango hakuna. Nimeingia kwa kutumia shimo la mlango, nikatazama juu. Mbingu yote! Kunguru amepita juu ya chumba cha kulala.

Nje, Mzee Maduhu alikuwa anafunga ng'ombe kwenye gari lake, tayari kwa safari. Juu ya mizigo, mlango wa mninga. Nikamwuliza kwa sauti ambayo haikuwa yangu: baba, paa? Akashangaa. Akasema mwanangu, si nilikuuliza niondoke nalo ukaniruhusu? Hapa mtu akihama, boriti na mlango ni mali yake, humwachia mnunuzi wakipatana. Wewe ulilikataa paa, ndiyo maana nikapunguza mia mbili. Na mlango ulisema nikipenda. Nimeupenda.

Nikauliza sasa paa liko wapi, mbona kwenye gari silioni. Akasema Geita miti imejaa, angelibeba la nini? Amemuuzia Scolastika. Alikuja na kisu chake, akalikagua, akaona zima kabisa, akalipa. Vijana wamelibeba juzi na kuliezeka juu ya nyumba yake.

Vijana wangu. Waliokunywa togwa yangu!

Mbuke amenipa kuku na kibuyu cha samli ya mtoto. Wakaondoka taratibu, mlango wangu ukinitazama mpaka kona ya barabara.

Paskalia amefurahi. Amelala chali kitandani, anawaonyesha ndege jino lake. Nimefunga kanga mbili juu ya kitanda. Jua linapita.

Jumapili, 31 Oktoba

Theonest amefika kwa lori la mgodi. Aliambiwa njiani nimenunua nyumba, kwa hiyo alikuja anatembea haraka, amenunua kufuli jipya. Alisimama mahali pa mlango akapiga hodi. Nikasema karibu. Akaangalia juu. Akaliangalia kufuli. Akaniangalia mimi.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alimchukua mtoto, akaniuliza taratibu, mama Paskalia, amelala wapi jana? Nikamwonyesha kanga. Akageuza uso.

Hapo ndipo tone la kwanza lilipoangukia masufuria. Mvua ya Oktoba! Siku zote zile ningeiombea kwa ajili ya ukaguzi, isingekuja. Scolastika akatokea mbio na mwavuli wake, anapiga kelele, mnangoja nini, leteni huyo mtoto, kiburi hakiezekwi!

Kwa hiyo naandika haya nikiwa kwake. Paskalia amelala chini ya bati zangu kumi na nane. Nimezihesabu. Mvua inapiga na hakuna hata tone moja ndani. Paa zuri sana! Theonest amenishika mkono, amesema tutaanza tena, mshahara hadi mshahara, ila nimwambie tu nimejifunza nini. Nikasema mengi.

Na ni kweli. Kosa langu nimeliona. Mchwa niliwaweka mahali pabaya.

Theonest alipotoka kuwaita majirani watusaidie kinu, nikamsogelea Scolastika. Nikasema dada, kwa wema ulionitendea siwezi kukuficha: kuta zako zina mchwa. Zitaanguka. Paa zito hivi haziwezi kulibeba. Niliwaza akiogopa, ataniuzia paa kwa bei ya kutupa. Nami kuta ninazo.

Akashika kifua. Akauliza mchwa wako kwenye kuta tu, au na kwenye paa?

Nikasema kwenye kuta tu. Paa salama kabisa.

Akafikiri. Akasema basi itabidi apate kuta nyingine imara za kuwekea paa lake. Akaniuliza, uso mkavu kabisa, kama zangu zile zisizo na kazi ningezitoa kwa mia moja. Kumbe na yeye ni mcheshi! Kuta bila paa nizitoe, niishi kwenye kiwanja? Nikacheka mpaka mtoto akashtuka. Nikamwambia chukua, dada, na choo ukipenda!

Akanishukuru kwa mikono miwili. Ameshachukua mwavuli, anasema anamfuata karani kabla hajalala.

Jumapili, na mvua yote hii. Sijui karani wa nini.