Pumzi Yangu kwa Mehreen

Jumatatu, 14 Julai
Mehreen amerudi! Binti wa Mzee Gulamabbas muuza viungo, tunayepakana naye ukuta hapa Nguvumali. Kaenda kusoma ughaibuni, karudi mtafiti. Na mashine! Ndani mna leza ya infraredi ya kati, mwanga usioonekana kwa macho. Unapuliza kwenye mrija, mwanga unapenya pumzi, kila gesi inameza sehemu yake. Mashine inasoma kilichomezwa, inajua umebeba nini kifuani. Mimi nimembeba Mehreen tangu madrasa. Hilo nalo linasomeka?

Anatafuta watu wa kujitolea kupimwa, kwenye zahanati moja Pongwe. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Msaidizi wake, Luqmani, kaniuliza kama naumwa. Simpendi.

Jumanne, 15 Julai
Mehreen kanieleza: mtu akishinda njaa, mwili huchoma mafuta, pumzi ikatoa gesi iitwayo asetoni. Mpango! Sili mpaka Ijumaa, siku ya kupimwa. Kisha nitamwambia tangu aondoke chakula hakipiti. Nani atabishana na leza?

Jumatano, 16 Julai
Mama kapika biriani. Nimekataa. Mama kalia. Nimekula sahani moja kumfariji. Ya pili kujifariji.

Alasiri nimesikia kicheko cha Mehreen ng'ambo ya ukuta. Kilekile. Nimezima feni nisikose hata kidogo. Jasho tele. Kikaisha. Nimebaki nimekaa.

Alhamisi, 17 Julai
Dada yangu Inara alikuwa akifuta rangi ya kucha. Nikasoma chupa. Asetoni! Mungu hamtupi mja wake.

Ijumaa, 18 Julai
Nilipaka dawa ile kwenye masharubu. Kidogo. Kisha kidogo tena. Nikapuliza. Mashine ikalia! Mehreen akasawijika, akasema asetoni nyingi hivyo ni sukari imenipanda vibaya, naweza kuzimia wakati wowote. Mara nimo garini, Luqmani anaendesha kama kichaa, Mehreen kanishika mkono toka Pongwe hadi mjini. Mkono wake wa baridi. Nilipaswa kusema ukweli. Ningeuachaje mkono ule?

Hospitali wakapima: sukari safi kabisa. Muuguzi akaninusa masharubu. Akamwita Mehreen, naye akanusa.

Hakugomba. Alifuta machozi tu. "Rizwan, nilidhani unanifia mikononi. Ungeniambia tu unataka kuniona. Ningekuja tunywe chai."

Nikamuuliza, na sasa? Akasema sasa ana vipimo vya siku nzima vya kurudia, maana dawa yangu imechafua mashine.

Jumapili, 20 Julai
Mehreen kaenda Amani kupima hewa ya msituni. Alipita kuaga. Kampa Mama shikamoo, kaniachia namba yake, kasema nikiwa na neno moyoni nipige simu, nilitamke, basi.

Nipige simu! Nilitamke! Mapenzi ya miaka yote hii, kirahisi hivyo?

Hapana. Nimewaza vizuri zaidi. Msituni kuna wafuga nyuki. Nitahamia Amani niwe mmoja wao, anikute huko kwa bahati tu. Kesho natafuta mizinga. Nyuki siwajui, lakini watanizoea.