Mgombea wa Tatu, Kando ya Tangi

Jumatatu, 7 Machi
Jumatano tawi letu la Voi litateua mjumbe mmoja wa kwenda Kongamano Kuu Nairobi, ambako mgombea wetu wa urais atatajwa. Binamu yangu Mable amekwenda mara mbili. Beji ya mjumbe huivaa hata kanisani. Mimi, mhadhiri wa historia, sijawahi. Nimepata dawa! Mwaka 1924, huko Marekani, vigogo wawili wa chama kimoja walikabana mpaka wajumbe wakapiga kura mara mia moja na tatu. Wakachoka. Wakamchukua mtu mwingine kabisa. (Huyo alishindwa vibaya uchaguzini, lakini hilo halituhusu.) Mable ni kigogo wa kwanza. Natafuta wa pili. Wa tatu ninaye.

Jumanne, 8 Machi
Nimepanda mlimani Wusi kwa Harrison, mfugaji wa kuku. Alisema hana haja na siasa. Nikamwambia watu wanamtaja. Akauliza watu gani. Nikasema, kwa jumla. Mkewe, Rita, akacheka mpaka akaitua sufuria. Harrison akaudhika, akakubali kugombea papo hapo. Je, ni haki kumtumia mtu hivi? Nimelitafakari njia nzima ya kuteremka.

Jumatano, 9 Machi
Ushindi! Mwenyekiti wa tawi, Festus, aliamuru kura ya mlolongo uwanjani: kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Saa nane, jua la Voi. Mable na Harrison wakatoka sare. Tukarudia. Sare. Mimi nilijitenga kando ya tangi la maji, kama impasavyo mgombea wa maridhiano. Festus akanigeukia.

“Mwalimu, wewe pekee huna mstari. Chagua mmoja, twende tukale.”

Balaa! Historia haikunitayarisha kwa hilo. Nimpe Mable? Au Harrison, aende yeye? Nikaomba muda wa kutafakari. Nikatafakari. Mama Wanza akatoka mstari wa Mable, akaja nyuma yangu. Kisha wawili wa Harrison. Kisha wengi. Kisha Harrison mwenyewe. Festus alipohesabu, mstari wangu ulikuwa mrefu kuliko wa Mable. Mable akadai kwamba watu wamefuata kivuli cha tangi.

“Nimefuata kivuli,” akasema Mama Wanza, “na kivulini yuko Mwalimu. Andikeni.”

Inawezekana kivuli kilichangia. Binafsi naegemea 1924.

Jumamosi, 19 Machi
Nairobi. Nilikuja na hoja ya kudai duru ya pili ya kura. Kofia tulizogawiwa mlangoni zilikuwa tayari na jina la mgombea. Mwenyekiti wa chama hakumaliza hata swali. Ukumbi ukaitikia ndiyo. Nikasimama kupinga utaratibu, mkono juu. Bendi ikaanza. Rita amepiga simu kutoka Wusi: ameniona kwenye runinga, wa kwanza kusimama, na hakuna aliyemshangilia mgombea kama mimi. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Jumapili, 27 Machi
Kanisani, beji shingoni. Mable alikitazama kitabu cha nyimbo muda wote, hata wakati wa mahubiri. Mwezi ujao tawi linachagua mwenyekiti. Nimemshawishi Mable asimame dhidi ya Festus. Wa tatu ninaye. Mbinu ni ileile, ila nimeondoa kasoro moja. Nimependekeza, na Festus amekubali upesi kuliko nilivyotarajia, kwamba safari hii mlolongo upangwe ndani ya ukumbi. Jambo zito kama hili halifai kufanyiwa juani.