Walioipa Mashine Nyota Tano Watafutwe

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kupima Ubora wa Huduma za Serikali Mtandaoni,

Ndugu Mkuu, shikamoo, wewe pamoja na vipimo vyako.

Mimi ni Injinia. Jina hilo nimepewa na mtaa kwa kuwa ndiye ninayewajazia watu fomu za mtandaoni kwenye kibanda cha kompyuta. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, hatujaelewana bado. Lakini nikishika kibodi, vidole ni umeme. Nina malalamiko.

1. Mmetangaza kuwa huduma ya kadi za matibabu imeshika namba moja: wananchi elfu mbili wa mtaa wetu wameipa nyota tano kwa tano. Hongera. Kwa ushindi huo mkafunga dirisha la karani, eti hana kazi tena.

2. Shangazi yangu aliyenilea anapasuliwa jicho Alhamisi. Bila kadi hapokelewi. Mashine yenu iliyopo kibandani kwangu inataka alama za vidole, na vyake vimelika kwa miaka thelathini ya kufua nguo za watu. Ikajibu: "Mtu huyu hayupo." Shangazi akasema, "Kama sipo, mbona miguu inaniuma?" Karani angemwandika kwa kalamu, yakaisha.

3. Hao walioridhika ni akina nani? Mwenye akili timamu hawezi. Watafutwe nyumba kwa nyumba, wapimwe vichwa, kisha wapangwe foleni mbele ya mashine hiyo mpaka waote mvi.

4. Wakikana, niteuliwe mimi kuwa mpimaji. Mimi sidanganyiki.

Wasalimie makatibu, walinzi, na karani popote alipo na kalamu yake.

Wako nisiyedanganyika,
Injinia

Nyongeza: Nimemsomea shangazi barua hii. Badala ya kunisifu, kauliza nyota hubonyezwa na nani. Ni hivi, Mkuu. Fomu ikiisha hutokea ukurasa wa kuuliza kama mteja karidhika, na haufungiki bila nyota. Mteja keshanyanyuka, anayefuata ananikoholea kisogoni. Nabonyeza tano. Hata siku mashine ilipomkana shangazi, nilibonyeza tano. Basi wale wananchi elfu mbili ni mimi. Nihesabuni mtu mmoja, na kuhusu kile kipimo cha kichwa, msiharakishe. Ila shangazi hajaridhika, na Alhamisi ni keshokutwa. Naye ni mtu mmoja. Mhesabuni.