Kiti cha Heshima Juu ya Tangi

Jumatatu, 6 Machi 1989

Walubengo, jirani yangu hapa Mamboleo, amekaguliwa tangi lake la choo. Tena! Kila mwaka! Kisha akanichungulia juu ya ua, akauliza langu lilifunguliwa lini. Nikamjibu kwamba langu halina shida. Tangu tuhamie sijaligusa.

Mke wangu Beldina anataka fundi alikague kabla ya Jumamosi. Siku hiyo mama yake anatoka Awasi kuiona nyumba yetu kwa mara ya kwanza. Mama mkwe! Akiondoka amekunja uso, Awasi nzima itanicheka. Sasa nifungue uvundo wiki hiyo hiyo? Thubutu!

Jumatano, 8 Machi

Choo kinanguruma. Nimesikia sokoni kwamba machicha ya busaa, ile pombe ya nafaka, hula uchafu wote. Nikanunua ndoo nzima. Mfuniko wa tangi ukakataa kufunguka, nikaugonga kwa nyundo. Ukafunguka vipande vipande. Nikamwaga machicha, nikafunika shimo kwa mlango wa zamani wa banda la kuku, juu yake mkeka. Safi! Beldina ameuliza mkeka unafanya nini uani. Nimesema ni mapambo.

Ijumaa, 10 Machi

Tangi linachemka. Povu limeinua mkeka! Nashukuru upepo wa ziwa unapeleka harufu kwa Walubengo. Ameuliza kama nimeanza kuuza pombe. Mtu wa wivu.

Jumamosi, 11 Machi

Siku ya aibu.

Mama mkwe alifika na shangazi wawili. Sikumpa mkono wala kumtazama usoni. Mkwe ni mkwe. Wageni waliketi uani, yeye akinipa mgongo kama desturi inavyotaka. Mimi nikasimama kando ya mkeka, mtu asije akaukanyaga. Kuku akaliwa, nimesimama. Maombi, nimesimama. Shangazi wakanisifu, eti nina heshima sana.

Hapo mama mkwe akamtuma Beldina: mkwe wake amechoka, awekewe kiti pale kwenye mkeka mzuri. Yawa! Neno la mama mkwe utalikataaje? Nikaketi polepole, nikitabasamu. Mlango chini ya mkeka ukalia kidogo. Kisha nikazama, mimi na kiti, mpaka kifuani.

Nilipiga yowe. Mama mkwe hakugeuka. Aliuliza tu, uso ukiwa ukutani, kama mkwe bado yuko hai, na hiyo harufu ni ya nini. Aliyenivuta ni Walubengo, kwa kamba ya ng'ombe. Huku anacheka!

Jumatatu, 13 Machi

Fundi wa Walubengo amelinyonya tangi kwa pampu na kuweka mfuniko mpya. Mama mkwe ameacha agizo: likaguliwe kila mwaka, na atakuja mwenyewe kuhakikisha. Beldina ananipa sabuni tu.

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa kile kiti. Kizito mno!

Jioni nimepanda sukuma wiki juu ya mfuniko, hauonekani kabisa. Mwakani fundi akiuliza tangi liko wapi, nitamwonyesha la Walubengo.