Mkwe Wangu Ameniona Mgongo

Nimeaibika leo, jamani, hadi sasa masikio yanawaka moto! Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla majirani hawajaongeza chumvi.

Mnajua habari ya vinundu vyangu vya usoni na mgongoni, na vidole vinavyokufa ganzi na kuwa vyeupe baridi ya Mbeya ikipiga. Ukoo wa mume wangu umeshakata shauri: ni ukoma, nirudishwe kwetu. Daktari akasema, "Leta mtu wa upande wao nimweleze." Mume wangu yuko Iringa na lori lake. Nikaagiza mama mkwe aje.

Basi leo niko kwa daktari (kijana wa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, kichwa kizuri, ila mtu wa pwani, mila zetu hazijui). Nimevua blauzi, anakagua vinundu. Hodi! Nikasikia na kikohozi. Mungu wangu, badala ya mama mkwe kaja baba mkwe!

Sisi Wanyakyusa, mke hatazamani na baba mkwe. Akitokea njiani, unajitosa hata kwenye migomba. Sasa pale migomba iko wapi? Nikarukia nyuma ya pazia la kitanda.

"Mama, rudi, sijamaliza!"

"Simo!" nikajibu. (Ndiyo, nilisema simo.)

Mzee naye kageukia ukutani, kofia usoni. Daktari masikini akabaki anahutubia ukuta na pazia.

"Mzee, si ukoma. Tulikata kinyama, tukapima. Vinundu hivi vinaitwa sakoidosisi. Vidole ni ugonjwa mwingine, wa nyuzinyuzi zinazoshikiza ngozi na viungo. Kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe. Ni mara chache, lakini yote mawili huweza kumpata mtu mmoja. Hayaambukizi."

"Nyumbani wataniuliza kama nimeona," mzee akauambia ukuta.

"Basi tazama!" Daktari akavuta pazia. Nikavuta kwangu. Akavuta. Nikavuta kwa hasira, maana mimi ubishi nimezaliwa nao. Bomba la pazia likang'oka, likampiga mzee kisogoni! Akageuka aone nani kampiga.

Kwa heshima zangu zote nikageuza uso ukutani. Ndiyo kwanza nikampa mgongo mzima, vinundu vyote, na gagulo la maua lenye kiraka cha mistari, limechungulia juu ya sketi!

Mzee alitoka mbio, mkongojo kauacha. Nikakaa chini nikalia. Nikajua kwisha, leo narudishwa kwetu.

Mara sauti yake dirishani, anamwambia wifi yangu aliyemsindikiza, hospitali nzima inasikia: "Kawaambie wote, si ukoma! Nimeona kwa macho yangu!"

Kisha akaongeza upesi:

"Na wakiuliza nimeona nini, sijaona kitu!"

Basi ndoa ipo. Anayetaka kucheka acheke upesi anisaidie kufikiri: mkongojo wa mzee ninao hapa, namrudishiaje na hatuonani?