Ufagio Mbele, Mimi Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Umefika! Mtambo wa haidrojeni uko stoo. Paneli za juu ya bati zinavuta jua, jua linapasua maji, gesi inaingia kwenye tangi, na jioni kisanduku kinaigeuza kuwa umeme. Maji na jua, vyote vya bure! Mtambo wenyewe si wa bure: umekula pikipiki yangu na jenereta ya mke wangu. Yeye anauza barafu, na friza yake ndiyo inayotulisha. Kasema barafu ikiyeyuka hata mara moja, nitafute pa kulala. Nikamwambia aondoe shaka. Jirani yetu, Bwana Betri, mwenye safu nzima ya mabetri sebuleni, aliniuliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama siku hizi tunachoma maji. Cheka tu, mzee. Utakuja kuniomba waya.

Jumanne, 4 Machi
Taa zimewaka! Friza inanguruma. Lakini sina raha. Injinia aliyeniuzia (jina tu hilo, chuo hajakikanyaga) alikuwa ameshapanda pikipiki yangu ndipo akanieleza kwamba gesi hii haina rangi wala harufu. Ikishika moto mchana, moto wenyewe huuoni. Nikauliza, sasa mtu atajuaje? Akasema zamani viwandani watu walitembea wameshika ufagio mbele yao. Ufagio ukiwaka, unasimama. Kisha akatia gia, huyo! Kwa nini hakusema kabla? Naogopa. Haya nayaandikia uani.

Jumatano, 5 Machi
Nimezunguka nyumba nzima na ufagio wa chelewa, ule mkavu kuliko yote. Mke wangu kafurahi. Anasema tangu tuoane hajawahi kuniona na ufagio. Mama mkwe, ambaye chumba chake kimepakana na stoo, hakufurahi. Kanikuta nafagia hewa mbele ya mlango wake. Akamwita binti yake pembeni, wakanong'ona habari za hospitali. Siwezi kuwaeleza. Nikisema nahofia moto, mtambo utatolewa leo hii, na mimi nitaufuata.

Alhamisi, 6 Machi
Bwana Betri ni mpelelezi! Nimemfuma juu ya stuli, anachungulia stoo yetu kupitia matundu ya hewa. Anataka kuniibia ujuzi. Nimeyaziba yote kwa matambara. Injinia alinikataza kuyagusa, eti gesi hupanda juu, lakini Injinia hana jirani kama wangu. Jioni king'ora cha mtambo kikaanza kulia. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikasema ni dalili tangi limejaa. Nikakitoa betri. Kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Sasa methali hiyo nimeikumbukia nini? Upande wa pili wa ukuta mama mkwe anakoroma, hana habari, maskini.

Ijumaa, 7 Machi
Nilimwalika Bwana Betri aje ajionee mwenyewe, nimkate kilimilimi. Akaja. Na sigara mdomoni! Inawaka! Nilikuwa mlangoni mwa stoo, yeye anakuja zake taratibu, anavuta. Nikanyakua ndoo ya maji ya kudekia. Nilipoivuta nyuma nipate nguvu, nusu ikamwagikia kisanduku. Nusu iliyobaki ilimpata yeye, kuanzia utosini. Sigara ikazimika. Taa nazo zikazimika. Friza ikanyamaza. Mke wangu alitoka jikoni akatutazama mmoja mmoja, mimi akanitazama zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Injinia kaja. Kuona matambara tu, uso ukamsawajika. Akatutoa sote nje, akayachomoa kwa mti mrefu akiwa mbali. Kumbe kiungo cha bomba kilikuwa kinavuja, na gesi ilikuwa imejikusanya chini ya bati. Anasema ile sigara ingesogea hatua chache tu, wangetuokota juu ya mapaa ya watu. Nikakaa chini palepale uani, nikalia kama mtoto. Mama mkwe alikuwa amelala mle ndani! Na yeye ndiye aliyeniletea kiti. Barafu imepona. Bwana Betri, nguo zikiwa bado zinamchuruzika, alipitisha waya wake juu ya ukuta jana ileile mpaka kwenye friza. Nimemwapia mke wangu mbele ya mama yake: mimi na gesi basi.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Kosa si la gesi. Kosa ni la tangi, dogo mno! Injinia ameshakaza kiungo na kukausha kisanduku, na anasema analo jingine, kubwa mara tatu, la mtu aliyehama ghafla. Kwa nini alihama, sikuuliza. Limeshafika, limelazwa chini ya dirisha la mama mkwe. Na malipo? Nimepiga akili. Kinachomaliza umeme humu ndani ni friza. Friza isipokuwepo, umeme utabaki mwingi hata wa kumuuzia Bwana Betri. Basi Injinia kaondoka nayo. Barafu nimeipanga vizuri kwenye beseni, kivulini. Mke wangu alikuwa amempeleka mama yake kwa ndugu zao. Sasa geti limelia. Nasikia anaburuta beseni. Ameniita mara moja, kwa upole. Upole huo siupendi kabisa. Ufagio uko wapi?